Duara kwenye kompresi, kijani kwenye bandeleti: je, ni maji ya ubongo?

Swali: "Jambo Dokta. Niko muuguzi kwenye kituo cha afya hapa Goma, upande wa barabara ya Rutshuru. Wiki hii walituletea kijana wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) aliyeanguka akishuka toka Kibumba na mzigo wa viazi. Anaongea vizuri, alitapika mara moja. Macho yote mawili yamezungukwa na weusi, na tundu la kuume la pua linatoa maji yenye damu. Mwenzangu aliangusha tone kwenye kompresi (kitambaa cha kufunikia kidonda), likafanya maduara mawili, akasema ni maji ya ubongo. Mimi nikachovya bandeleti ya mkojo (kijikaratasi cha kupimia mkojo), sehemu ya sukari ikageuka kijani. Tukakubaliana. Kesho yake maji yakawa meupe, bandeleti haikugeuka tena, na familia ikasema kumbe ilikuwa damu tu, wanataka kurudi naye nyumbani. Tuamini kipimo kipi?"

Jibu:

Dada yangu, usiamini hata kimoja, si cha siku ya kwanza wala cha siku ya pili. Kijana huyo mhesabu kuwa anavuja mpaka ithibitike vingine, na sababu haiko kwenye kompresi wala kwenye bandeleti. Iko kwenye maelezo yako mwenyewe: ameanguka kwa kasi, macho yote mawili meusi, maji yanatoka tundu moja. Muuguzi aliyeona hayo matatu ana haki ya kushuku kwamba sakafu ya fuvu imepasuka, na hayo yanatosha kumpeleka hospitali kuu ya rufaa hata kama bandeleti zote za kituo chenu zingekuwa zimekwisha.

Najua vipimo hivi bado vinafundishwa kwenye shule za ITM, zile za ufundi wa tiba, na wengi wetu tulivijibu kwenye mitihani. Kwa hiyo nieleze vinapima nini hasa.

Tuanze na duara. Damu iliyochanganyika na maji ikiangukia kitambaa, chembe nyekundu hubaki katikati, maji hukimbia mbele kwenye nyuzi na kuacha ukingo mwepesi nje, kama chai iliyomwagika inavyoacha ukingo kwenye kitambaa cha meza. Hiyo ni tabia ya kitambaa na ya damu, haisemi maji hayo yametoka wapi. Mwaka 1993 jarida la Marekani la madaktari wa dharura, Annals of Emergency Medicine, lilichapa jaribio ambalo hata kituo chenu kingeweza kulifanya. Walichanganya damu na maji ya ubongo, kisha damu na maji ya bomba, damu na seramu fiziolojiki (maji ya chumvi ya hospitali), damu na kamasi nyepesi za mafua. Mchanganyiko wa kila aina uliweza kutoa duara. Yale maji ya ubongo yenyewe yalionyesha duara pale yalipokuwa kati ya asilimia 30 na 90 ya mchanganyiko. Damu ikizidi sana, duara linamezwa. Damu ikikosekana, hakuna cha kuachana na maji, kwa hiyo hakuna duara. Angalia basi ubaya wake: mgonjwa anayedondosha maji safi kabisa ya ubongo, yule ambaye hatupaswi kumkosa, ndiye ambaye kompresi haitasema lolote juu yake.

Ongeza hali halisi ya chumba cha dharura. Mtu aliyeumia uso analia, na machozi hushuka puani kupitia mrija wake mdogo. Mmemwosha uso kwa seramu. Pua imevunjika na inatoa damu. Hapo kila tone litakalodondoka lina damu na lina maji, na duara litatokea kwa mtu ambaye ubongo wake haujavuja hata kidogo. Mimi nikisoma kwenye barua ya rufaa kwamba duara lilionekana, najifunza kwamba pua ilikuwa na unyevu na damu. Hilo nilikuwa nalijua.

Sukari ni habari ndefu zaidi, kwa sababu wazo lake la mwanzo lina akili. Maji ya ubongo yana sukari, kwa kawaida theluthi mbili hivi ya ile ya damu, yaani 50 hadi 80 mg/dl. Kamasi za mtu mzima wa afya hazina sukari ya kuonekana. Kwa hiyo, walisema wazee wetu, sukari puani ni ubongo. Kosa liko kwenye sentensi ya pili, kwa sababu pua ya mtu aliye kitandani si pua ya mtu mwenye afya. Sukari ya damu ikipanda kupita kiasi fulani, kati ya 120 na 175 mg/dl hivi, huanza kupenya kwenye majimaji ya njia ya hewa. Mwenye kisukari anayo puani karibu kila mara. Hata mafua ya kawaida ya virusi yanatosha: walipopimwa watu wenye mafua mapya, takriban nusu yao walikuwa na sukari kwenye kamasi. Machozi pia yanayo. Na damu, bila shaka, imejaa sukari, kwa hiyo maji yoyote yenye damu yatageuza bandeleti bila kuhitaji msaada wa ubongo.

Sasa rudi kwa kijana wako. Siku ya kwanza maji yalikuwa na damu. Mtu aliyepigwa kichwa, mwili wake hupandisha sukari kwa ajili ya mshtuko tu. Na nikubahatishie jambo: alipofika mlimwekea seramu gani? Kama ilikuwa glukozi ya asilimia 5, kama tunavyofanya mara nyingi mno huku kwetu, basi mna sababu tatu za kijani kabla ya kufika kwenye ubongo. (Na mkumbuke kwamba glukozi 5 haifai kwa mwenye jeraha la kichwa asiye na upungufu wa sukari, inaongeza uvimbe wa ubongo. Mpeni fiziolojiki.)

Siku ya pili je? Hapo ndipo familia imedanganyika, na ningependa usidanganyike nao. Bandeleti ya mkojo imetengenezwa kwa ajili ya mkojo wa mwenye kisukari, ambao sukari yake huwa kubwa. Kulingana na aina, rangi huanza kubadilika kati ya takriban 40 na 100 mg/dl. Ukilinganisha na ile 50 hadi 80 ya maji ya ubongo, utaona kwamba tone halisi la ubongo linaweza kupita chini ya uwezo wa bandeleti, hasa likiwa limechanganyika na kamasi njiani. Na kuna jambo baya kuliko hilo. Meninjiti ya bakteria (maambukizi ya utando wa ubongo) inapoanza, sukari ya maji ya ubongo hushuka, wakati mwingine karibu na sifuri. Maana yake bandeleti inaweza kunyamaza kwa mgonjwa yuleyule ambaye uvujaji wake umeshaanza kumuua.

Halafu kuna kemia ya karatasi yenyewe, ambayo watu wachache huikumbuka. Sehemu ya sukari hufanya kazi kwa kutengeneza hidrojeni peroksidi kidogo kutokana na sukari, na hiyo peroksidi ndiyo inayogeuza rangi. Kwa hiyo peroksidi ikitoka mahali pengine, rangi inageuka vilevile. Yale maji ya oksijeni tunayosafishia vidonda ni peroksidi hiyohiyo iliyochanganywa na maji. Ukisafisha sikio lenye damu kwa maji hayo, kisha ukachovya bandeleti kwenye kinachotoka, utapata kijani kizuri sana cha uongo. Chombo kilichooshwa kwa javeli (dawa ya klorini) kikabaki na mabaki kinafanya mchezo huohuo. Vitamini C inafanya kinyume, inaficha sukari iliyopo. Na kopo la bandeleti linaloachwa wazi kwenye unyevu halina neno la kutegemewa upande wowote.

Wengine wataniambia: basi tutumie glukometa, ile ya kidole. Mashine hiyo imepangiwa damu nzima, yenye chembe zake. Ukiipa maji yasiyo na chembe, namba inayotoa haijasahihishwa kwa kitu hicho, na mara nyingi inapotoka juu. Maabara ya hospitali ikipima sukari kwenye maji meupe yasiyo na damu, pamoja na sukari ya damu iliyochukuliwa saa ileile, hapo kuna kitu cha kuzungumza: zaidi ya 30 mg/dl kwa mtu ambaye sukari yake ya damu ni ya kawaida inaongeza shaka, na kukosekana kabisa kwa sukari kwa mtu asiye na dalili za maambukizi kunaipunguza. Kuongeza na kupunguza shaka tu, si zaidi. Onyo hili ni la zamani. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa watoto waliandika kwamba karatasi ya sukari hugeuka kwa pua zisizovuja kitu, na mwaka 1975 jarida la JAMA lilichapa makala ya kuwashangaa wanaoendelea kuifundisha. Nusu karne imepita, na bado iko kwenye madaftari yetu.

Kipimo cha leso nitakipita haraka. Eti kamasi zikikauka hukakamaza kitambaa, maji ya ubongo hayakakamazi. Machozi hayakakamazi pia, wala maji ya mzio, na maji ya ubongo yaliyochanganyika na kamasi yanakakamaza. Tuache.

Kinachobaki mkononi mwako ni macho, masikio na subira, na usividharau. Uliza maji yanatoka tundu moja au yote mawili. Mafua hayachagui upande. Mgonjwa aliye macho mwulize kama kuna kitu cha chumvi kinashuka kooni. Angalia nyuma ya masikio kila siku, kwa sababu weusi wa pale hautokei saa ya ajali, huja baada ya siku moja au mbili. Kama una otoskopi, tazama ngoma ya sikio: damu iliyojaa nyuma yake inasema mfupa wa sikio umepasuka. Na hapo kumbuka njia ambayo wengi hawaifikirii. Ngoma ikiwa nzima, maji kutoka kwenye ufa wa sikio hayawezi kutoka nje, hushuka kwenye mrija wa ndani hadi nyuma ya pua na kutokea puani. Pua inavuja, ufa uko sikioni.

Jaribio la kuinamisha kichwa mbele, kuona kama maji yatadondoka ghafla, ni zuri kuliko bandeleti, lakini si kwa kijana wako. Shingo yake haijachunguzwa, na hatuinamishi mtu wa aina hiyo. Liweke kwa mgonjwa wa aina nyingine kabisa, ambaye pia utamwona kituoni: mama wa miaka arobaini au hamsini, mnene, anaumwa kichwa mara kwa mara, anatibiwa mzio kwa miezi au miaka, na pua inadondosha maji upande mmoja kila anapoinama kufagia au kuwasha makaa. Hakuanguka. Shinikizo ndani ya fuvu lake limetoboa mfupa mwembamba polepole. Huyo mkalishe, ainame dakika kadhaa, na usitumie kompresi kufuta. Kinga matone kwenye chupa safi kavu. Nusu mililita inatosha kwa kipimo cha kweli.

Kipimo hicho cha kweli kinatafuta protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo imo kwenye maji ya ubongo, kwenye maji ya sikio la ndani na ndani ya jicho, lakini haimo kwenye kamasi, machozi wala, kwa kawaida, kwenye damu. Kimetumika tangu 1979, na usahihi wake uko juu ya asilimia 90 pande zote mbili. Damu kidogo haikiharibu. Wenye ugonjwa mkubwa wa ini wanaweza kukipotosha, ndiyo maana sampuli ya damu huenda pamoja. Kuna na ndugu yake, protini ya beta-trasi, ambayo hupimwa haraka zaidi lakini inadanganya figo zikiwa zimeshindwa na wakati wa meninjiti. Hakuna kati ya hivyo ambacho ni kazi ya kawaida ya maabara ya hospitali ya rufaa. Sampuli husafirishwa kwenye baridi kwenda maabara kubwa, na jibu hungojewa. Kwa yule mama, kungojea kunafaa, kwa sababu jibu litaamua kama afanyiwe upasuaji au la. Kwa kijana wa chukudu, kungojea hakubadilishi chochote cha wiki hii.

Hiyo ndiyo hoja ambayo ningetaka muizungumze na mwenzako kwenye zamu. Kabla ya kuchovya bandeleti, jiulizeni: ikigeuka tutafanya nini, isipogeuka tutafanya nini? Kwa huyu kijana, ikigeuka mngempeleka rufaa. Isipogeuka bado mlipaswa kumpeleka rufaa. Basi kilichobaki kwa bandeleti kufanya ni kuipa familia sababu ya kuondoka, na imefanya.

Maji ya ubongo, mwili hutengeneza kama nusu lita kwa siku, wakati yaliyomo ndani ya mtu mzima ni mililita 150 hivi. Kwa hiyo mgonjwa hafi kwa kukaukiwa. Hatari yake ni njia iliyo wazi: kama maji yanatoka, bakteria wa puani wanaweza kuingia, na anayeongoza ni pneumokoki. Habari njema ni kwamba uvujaji mwingi wa ajali huziba wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, mtu akitulia kitandani na kichwa kimeinuliwa nyuzi 30. Asipenge pua. Akitaka kupiga chafya, afungue kinywa. Asijikamue chooni, mpeni kitu cha kulainisha choo. Pua na sikio visizibwe kwa pamba wala kompresi ndani, wekeni kompresi safi ya juu juu, mbadilishe ikilowa. Msimtie matone ya sikio. Na lile ambalo ni lazima liandikwe kwa herufi kubwa kwenye fishi (kadi) yake: hakuna mrija wowote kupitia puani, si wa tumbo, si wa kunyonya makohozi. Sakafu ya fuvu ikiwa imepasuka, mrija unaweza kuingia kwenye ubongo. Ukihitajika, upite mdomoni.

Antibiotiki nitasema kwa ufupi ingawa najua nitabishiwa. Desturi yetu ni seftriaksoni mara tu neno "fuvu" linapotajwa. Uchambuzi wa Cochrane (kundi la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba), wa kwanza mwaka 2006 na kurudiwa baadaye, haukupata ushahidi kwamba kumpa dawa mwenye ufa wa sakafu ya fuvu ambaye bado hana maambukizi kunamkinga na meninjiti. Kunachagua bakteria sugu na kunaweza kuficha mwanzo wa ugonjwa. Dalili zikitokea, hapo sindano iingie haraka bila kungoja mtu. Chanjo ya pneumokoki inafaa kufikiriwa kwa anayeendelea kuvuja; kwetu imo kwenye ratiba ya watoto wachanga, mtu mzima lazima aitafute.

Skana (picha ya ndani ya kichwa kwa mashine), pale familia inapoweza kuilipia, itaonyesha ufa, na pengine hewa iliyoingia ndani ya fuvu, ambayo ni ushahidi mzito. Skana isiyoonyesha ufa mdogo haifuti unachokiona puani. Uvujaji ukipita siku kumi bila kupungua, hapo anamhitaji daktari wa upasuaji, na siku hizi mara nyingi kazi hufanyika kwa kamera kupitia puani bila kufungua kichwa.

Unapoandika barua ya rufaa, usiandike "duara chanya" wala "bandeleti chanya". Andika saa ya ajali, alivyoanguka, tundu lipi linatoa, maji ya rangi gani siku ya kwanza na siku ya pili, weusi ulionekana saa ngapi, fahamu zake kwa Glasgow kila mlipopima, na seramu gani alipewa. Ukurasa huo mmoja utamsaidia daktari kuliko kompresi iliyokauka ndani ya bahasha.

Kama ameshatoka kwenda nyumbani, tuma reko (mhudumu wa afya wa jamii) amtafute leo. Akikataa kurudi, familia wawekewe maneno machache wanayoweza kuyakumbuka: homa, shingo ngumu, kichwa kinachozidi, kusinzia kusiko kwa kawaida, au maji yanayorudi baada ya kukauka. Lolote kati ya hayo, hata baada ya miezi miwili au mitatu, waje usiku huohuo, na waanze kwa kusema kwamba aliwahi kuanguka kichwa. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mtu mwenye homa akifika kituoni atachomwa kidole kwa TDR (kipimo cha haraka cha malaria), na TDR ikitoa mistari miwili kila mtu atapumua, atapewa dawa ya malaria na kurudishwa. Kwa kijana huyu, malaria iliyopatikana isiwazuie kumtafutia meninjiti.